Mgonjwa Aliyebadilishwa Mara Tatu

Nesi Marlys alijifunga bendeji kwenye kifundo cha mkono, akavuta sweta ikafunika. Asubuhi ile, alipokuwa akimpa Bwana Tollefson dawa, mzee huyo alimshika mkono akausokota, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba siku nyingine akichelewa atauvunja. Si kwamba ugonjwa ulikuwa umemchanganya. Akili zake zilikuwa timamu. Nusu ya vijana wa mji ule wa Minnesota aliwafundisha yeye hoki ya barafu, na mtoto wa Marlys alikuwa bado kwenye timu yake.

Msimamizi wa wodi alimpa pole, kisha akamuuliza alimfanya nini mgonjwa hata akakasirika.

Manesi wa wodi ile walikuwa na desturi yao. Mmoja akipigwa au akitukanwa, wenzake humbadilishia mgonjwa bila maswali. Safari hii alijitolea Rowena, nesi mgeni kutoka Ufilipino.

"Nipe mimi huyo babu, dada. Kwetu Iloilo nimelea mababu wakali, wote walitaka kuniachia urithi."

Marlys alicheka. Alikuwa karibu kumshukuru alipokumbuka kwamba naye alipewa Tollefson hivyo hivyo, na nesi mwenzake Joanne. Akamfuata Joanne kwenye chumba cha mapumziko.

"Jo, kwa nini ulinipa yule mzee?"

Joanne aliikodolea macho kahawa yake. "Alinikaba. Nikadhani kwako atatulia, kwa kuwa ni kocha wa mwanao."

"Na wewe ulipewa na nani?"

"Pete. Sikumuuliza kwa nini."

Marlys alirudi wodini. Akimshtaki kocha, mwanawe huenda akakalishwa benchi msimu mzima, na watu watamnunia hadi kanisani. Lakini Rowena alikuwa ameshavaa glavu. Marlys akamshika bega.

"Usiingie. Huyu habadilishwi tena."

"Sasa nani atamhudumia?"

"Mimi. Askari akiwa amesimama mlangoni."

Akainua simu mbele ya wote, akaomba polisi, akataja jina la kocha bila kunong'ona, na alilofanyiwa. Joanne akaja kusimama karibu naye.

"Ukimaliza usikate," akasema. "Na mimi nina langu."