Sauti ya Ngamia Katika Gredi ya Tano

Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu Abdilatif alimwita Mwalimu Nasteha ofisini, akammiminia chai, na Nasteha akajua papo hapo kwamba habari si nzuri. Abdilatif hakuwa mtu wa kummiminia mtu chai.

Alizunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Aliuliza habari za mama yake kule Garissa, akauliza kama chumba alichopanga hapa Kutulo kinavuja, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa miezi. Mwishowe akasema kwamba Ijumaa mwenyekiti wa bodi ya shule, Haji Bare, angekuja na wenzake wawili kukaa nyuma ya gredi ya tano kwa kipindi kimoja cha hesabu. Nasteha alikuwa mwalimu wa bodi, aliyeajiriwa kwa muhula mmoja tu, na muhula wenyewe ulikuwa unayoyoma. Darasa likitulia, angeendelea. Lisipotulia, kuna kijana wa Elwak aliyekwisha kuleta barua ya maombi.

"Haji Bare anasema akiwa kisimani akinywesha ngamia wake," mwalimu mkuu akaongeza, macho kwenye kikombe, "analisikia darasa lako vizuri kuliko anavyoisikia redio yake."

Darasa lilikuwa na watoto sitini na mmoja na madirisha manne yasiyo na vioo, na kelele ilitoka kwa madirisha yote manne.

Fimbo hakutaka. Sheria imeikataza, hilo alilijua, lakini hata bila sheria asingeishika. Yeye mwenyewe alichapwa akiwa darasa la tatu, na mpaka leo aliikumbuka ile fimbo, rangi yake na pale ilipopasuka, ila kosa alikuwa amelisahau kabisa. Wazazi wa Kutulo ndio waliomshangaa. Kila aliyeleta mtoto alimwambia chapa, nirudishie mifupa tu, halafu akacheka na kwenda zake.

Badala ya fimbo alikuwa amejaribu kiranja. Alimpa Aweys daftari aandike majina ya wapiga kelele. Aweys alikuwa mtoto mwangalifu, hakutaka mtu aje kusema si mimi, ni yule mwingine, kwa hiyo aliandika kila jina pamoja na la baba, la babu na la baba wa babu. Ili ayapate ilibidi amuulize kila mmoja kwa sauti. Wawili wakabishana nani hasa alikuwa baba wa babu yao, wengine wakaingia kusaidia, na Nasteha aliporudi kutoka ofisini alikuta orodha ya kurasa nne na kelele mara mbili ya ile aliyoiacha.

Jumanne akafungua madaftari yake ya chuo. Yalisema gawa wanafunzi katika vikundi, na vikundi uvipe majina ya vitu wanavyovijua katika mazingira yao. Nasteha alifurahi sana. Huku wanajua nini kama si mifugo? Akaandika ubaoni: Ngamia, Ng'ombe, Mbuzi, Kondoo. Watoto kumi na wawili wakabaki bila kikundi. Akafikiri kidogo, akaandika: Punda.

Angekuwa mgeni kutoka Kitui au Kisii wangemwonea huruma. Lakini Nasteha alikuwa Msomali kama wao, babu yake alijulikana mpaka Wajir, nani angefikiri kumweleza habari za mifugo? Hakuna aliyejua kwamba msichana huyu wa mtaani Garissa alikuwa amewaona ngamia siku za soko tu, tena akiwa ndani ya tuk-tuk.

Kufika Jumatano mifugo ilikuwa imemshinda. Ngamia, wakiongozwa na Abdiwahid, mjukuu wa Haji Bare, waliketi mbele wameinua shingo, na mwalimu alipoomba kazi ya nyumbani Abdiwahid akamweleza kwa adabu kwamba ngamia hukaa siku nyingi ndipo anywe, kwa hiyo kazi yao wataleta wiki ijayo. Mbuzi walipanda juu ya madawati. Mmoja wa Kondoo alipoomba ruhusa kwenda msalani, Kondoo wote walitoka nyuma yake. Ng'ombe walikuwa wametulia, lakini walikuwa wanatafuna.

Punda hawakufanya lolote. Walikunja mikono. Msemaji wao alikuwa Ramlo, msichana mwembamba mwenye ulimi ulionolewa, na alisema Punda watafanya kazi siku watakayoulizwa maoni yao.

Mchana huo mama yake Ramlo akaja shuleni. Aliitwa Asli, mwanamke mrefu, jerikeni mkononi. Nasteha alipomwona langoni akaanza kuomba msamaha hata kabla ya salamu kwisha, akasema wallahi hakukusudia kumdharau mtoto wa mtu.

"Abaayo, dada yangu, punda ana ubaya gani?" Asli akamwuliza. "Bila punda, maji ya kuoga ungeletewa na nani? Mimi nimekuja kwa sababu nasikia umewaweka ngamia mbele na mbuzi nyuma, na kisimani mbuzi ndio hutangulia. Nani amekufundisha?"

Nasteha akasema hakuna aliyemfundisha. Ilimtoka tu. Asli alimtazama kwa muda, kutoka viatu mpaka mtandio, na Nasteha akaona kwamba siri yake imekwisha. Lakini Asli hakucheka. Alimwambia avae viatu vingine, waende kisimani.

Kisima kilikuwa nyuma ya shule, ng'ambo ya ua wa miiba ambao ulikuwa na pengo la upana wa lori. Nasteha alizoea kuliona vumbi lake kutoka dirishani, na hakuwahi kufika. Aliwakuta mbuzi na kondoo kwa mamia, na nyuma yao ngamia, wote wana kiu, wote wanasikia mashine ikivuta maji na maji yakibubujika kutoka kwenye bomba. Na bado wamesimama. Hakuna aliyekuwa anapigwa. Alijikuta anawahesabu mpaka sitini na mmoja, akaacha.

Asli alisimama kando ya birika refu la saruji na kutoa mlio kwa ulimi, mfupi mfupi, kama mtu anayegonga vikombe viwili. Kutoka katika lile kundi kubwa wakatoka mbuzi wake, wake tu, wakaja kunywa. Wengine waliinua vichwa, wakaviteremsha. Kisha upande wa pili mzee mmoja, aliyejifunga kilemba mpaka puani kwa ajili ya vumbi, akaita "hooy" ya chini, ndefu, inayoishia puani, na ngamia wanane wakaanza kutembea kama watu walioitwa kwenye chakula.

"Na akija ambaye hajaitwa?" Nasteha akauliza.

"Atakuta birika kavu. Maji namwaga wakishafika wangu." Asli akainamisha jerikeni. "Akifanya hivyo mara mbili, ya tatu hajisumbui. Wewe ukisema nyamazeni, unawaita wote sitini kwa wakati mmoja. Haya, wamenyamaza. Umewawekea nini kwenye birika?"

Nasteha alifikiri. Akinyamazisha darasa, kwa kawaida huwa anawaambia waendelee kunyamaza.

Usiku ule aliandaa maswali mafupi ya hesabu kwenye vipande vya maboksi, mafungu matano, na Alhamisi asubuhi akawaambia watoto kwamba kila kikundi kichague sauti yake. Kikundi kikisikia sauti yake, kije mbele, maana kuna kitu chake. Asiyeitwa akija, hakuna kitu. Kisha akafuta majina ubaoni na kuwauliza Punda wangependa kuitwaje. Ramlo akashauriana na wenzake, akarudi akasema wataendelea kuwa Punda, asante, lakini wamependa kuulizwa.

Mbuzi wakachukua mlio wa ulimi wa mama Ramlo. Punda wakachagua vidole viwili kugongwa juu ya meza. Ngamia walinong'onezana kwa muda mrefu, na Abdiwahid akamfundisha mwalimu "hooy" ya chini, ndefu, inayoishia puani. Nasteha aliona kama aliwahi kuisikia mahali, lakini kichwa kilikuwa na mambo mengi.

Mara ya kwanza alipowaita Kondoo, Mbuzi walikuja pia. Aliwaonyesha mikono mitupu, wakarudi. Mara ya pili wakaja watatu. Mara ya tatu hakuja hata mmoja, na wakati Kondoo wanagombania swali lao kwa minong'ono, wale wengine walikaa wametega masikio. Nasteha alisimama mbele ya ubao na kusikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia katika chumba kile. Mashine ya kisima.

Ijumaa Haji Bare alifika akitokea kisimani moja kwa moja, bakora mkononi, ndevu nyekundu kwa hina. Alisema hatakaa sana, ngamia wake wananywa. Akaketi nyuma na wenzake wawili kwenye benchi, magoti yakimfika kifuani, na mwalimu mkuu akasimama mlangoni akifuta miwani isiyokuwa na uchafu.

Nasteha alianza na Mbuzi, mdomo mkavu mpaka mlio wa ulimi ukatoka mara ya pili. Wakaja, wakachukua swali, wakaondoka. Kondoo vilevile. Ng'ombe vilevile, bila kutafuna. Mzee mmoja wa bodi alimtazama mwenzake. Nasteha akapata moyo, akavuta pumzi na kuita Ngamia kwa sauti iliyojaa, kama alivyofundishwa.

"Hoooy."

Ngamia kumi na wawili wakasimama. Na kule nyuma Haji Bare akasimama.

Ilikuwa ni sauti ya nyumbani kwake. Baba yake aliitumia, na babu yake kabla ya hapo, na kwa miaka sabini hakuna mtu aliyeitoa isipokuwa maji yapo na kazi ipo. Miguu haikumngoja. Alikuwa ameshapita madawati manne, bakora begani, alipokumbuka kwamba yuko katika kipindi cha hesabu.

Hapo ndipo dirisha la nyuma likawa giza. Kichwa cha ngamia kiliingia, ngamia wa kweli, midomo ikidondosha maji. Dirisha la pili, kichwa kingine. Walitembea kutoka kisimani, wakapita kwenye pengo la ua, wakaja walikoitwa.

Nasteha aliwatazama watoto wake sitini na mmoja. Mashavu yote yalikuwa yamejaa hewa. Abdiwahid alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili na machozi yanamtoka. Ilibaki pumzi moja tu, na darasa lingelipuka mpaka kusikika Elwak, na yule kijana angekuja kuchukua kazi yake. Neno nyamazeni lilimfika kwenye ulimi. Akalimeza. Akagonga vidole viwili juu ya meza.

Punda wakainuka. Ramlo hakuuliza. Akawapeleka wenzake nyuma, wakawasukuma ngamia puani kwa upole, jinsi wanavyofanya nyumbani, wakafunga mabati ya madirisha, wakarudi mbele wakapanga mstari. Wengine hawakuinuka, kwa sababu hawakuitwa. Walitetemeka tu mahali pao kwa kicheko kilichokosa njia.

Haji Bare bado alikuwa amesimama katikati ya darasa. Alimtazama mjukuu wake kwa jicho ambalo lilikuwa na maongezi ya jioni, kisha akamgeukia Nasteha.

"Mwalimu, mimi nimeitwa. Liko wapi birika?"

Nasteha akampa kipande cha boksi. Kilisema: mfugaji ana ngamia ishirini na wanne, theluthi moja wamekunywa, wamebaki wangapi na kiu? Mzee akakisogeza mbali na macho, akakisogeza karibu, akasema kumi na sita, na kwamba mfugaji huyo ni mvivu. Akakikabidhi kwa Abdiwahid aandike njia ubaoni, hatua kwa hatua.

Kipindi kilipokwisha mzee hakwenda ofisini kushauriana. Alimwambia mwalimu mkuu pale pale mlangoni kwamba binti huyu abaki, na yule wa Elwak ajibiwe barua yake kwa heshima. Kisha akamwekea Nasteha sharti moja.

"Ngamia wa darasani watafute sauti nyingine, adeer, binti yangu. Wangu hawana yunifomu."

Akatoka kwenda kuwakusanya, akiwaita kwa ile sauti, na ndani ya darasa Ngamia kumi na wawili wakajishika madawati wasiinuke.

Nasteha aligeuka na kuwakuta Punda bado wako mbele kwenye mstari wao, mikono wameikunja.

"Mwalimu," Ramlo akasema, "sisi tuliitwa pia. Tumefunga madirisha. Cha kwetu kiko wapi?"

Kilikuwa mezani, chini ya daftari la mahudhurio, swali gumu kuliko yote. Akawapa, wakakaa chini kulifanya.