Saa ya Upande Gani

Mjukuu wangu Gwantwa alitengeneza programu ya simu kwa ajili ya bajaji za Tunduma. Aliitengenezea Mbeya, chuoni. Ukitaka kwenda Mpemba unabonyeza, simu inakutafutia wawili wengine wa njia hiyo, inawapangia saa na mahali pa kusimama, kisha dereva anawafuata. Hakuna tena kukaa kwenye bajaji ukisubiri ijae mpaka nyonga ife ganzi.

Raphaeli, mwenyekiti wa madereva wa kijiwe chetu, alimpa siku moja ya majaribio, Jumatatu. Baba yake Gwantwa, mwanangu Yonasi, akapiga simu kutoka Itaka: "Ikishindikana, rudi nyumbani tuchume kahawa."

Jumapili nilimwuliza, "Mke mwenzangu, hiyo mashine yako inafuata saa ya wapi?"

Akacheka. "Bibi na utani wako! Saa si saa?"

Nami nikacheka. Hilo ndilo kosa langu. Nimemtania tangu ananyonya, sasa hata nikiuliza la maana anatafuta mzaha uko wapi. Hapa kwetu mpakani simu hunasa mtandao wa Zambia bila kupiga hodi, na saa yake inarudi nyuma saa nzima. Mtu akikwambia mkutane saa mbili, unamwuliza: ya huku au ya kule? Lakini mtoto kakulia Itaka, kasomea Mbeya. Nikajisemea, mashine yenye akili hivyo itakosaje kujua ninalolijua mimi wa darasa la saba?

Jumatatu mashine ilitupangia saa moja na nusu asubuhi, mimi, Loisi muuza dagaa na Tabita mwalimu wa chekechea. Tukasimama. Tukasimama tena.

"Bibi, watoto wangu wameshaanza kuimba bila mimi," alisema Tabita, akaondoka kwa miguu. Loisi akamfuata na ndoo yake. Mimi magoti yalininyima ruhusa.

Saa mbili na nusu Lusajo akatokea na bajaji yake, anatabasamu, anaamini kawahi.

"Wenzako wako wapi, bibi?"

"Walizeeka, tukawazika."

Kumbe ilikuwa hivyo mji mzima. Kijiweni Raphaeli alishika simu mbili, huku saa tatu, huku saa mbili. Madereva walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Binti, umetuanikia abiria juani kama mihogo," alisema.

"Nitarekebisha, baba," Gwantwa akajibu. " Nipeni siku tatu."

"Tulikupa moja."

Alirekebisha hivyo hivyo, bila kulala wala kula. Alhamisi tukaenda kijiweni. Bajaji tano zimeegeshwa, madereva wanacheza drafti.

"Bonyeza, bibi," Gwantwa akaniambia kwa sauti ndogo.

Nikabonyeza. Saa ilikuwa sahihi kabisa. Chini yake pakaandikwa: Hakuna dereva karibu nawe. Wote walikuwa wameshaifuta kwenye simu zao.

"Lusajo," nikaita, "mashine inasema hupo."

"Kweli bibi, sipo," akajibu, akasukuma kete.

Wenzake wakaangua kicheko. Gwantwa aliiangalia ile simu kama mtu anayesoma jina la marehemu wake.

Ijumaa akapanda gari la Itaka. Nilisimama nje ya dirisha lake natafuta neno la kumchekesha, mimi, ambaye hata msibani nimewahi kufukuzwa kwa kuchekesha watu. Sikulipata.

Yonasi anasema Gwantwa anachuma vizuri, mikono yake myepesi. Ila simu anaizima kutwa nzima, na akiulizwa kwa nini, anaendelea kuchuma.