Nauli ya Gari

Kwetu uzazi wa kwanza ni wa kwa mama. Mimba ikikua binti hurudi nyumbani, na mamaye ndiye anayemkanda. Mwanangu Tatu aliolewa na fundi cherehani wa Tabora, hohehahe kama sisi. Niliposikia ana mimba nilitandika kitanda siku hiyohiyo. Nauli ya kumfuata ndiyo sikuwa nayo. Baba yake alikwisha kutangulia mbele ya haki, na nyumba nzima nilikuwa mimi na paka, tena paka mwenyewe wa jirani.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza. Bwanausi aligombea udiwani wa mji wetu wa Bagamoyo, akaja kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyeongoza ngoma ya wanawake. Mkutano bila sisi ulikuwa kama matanga.

"Shikamoo, Bi Mwanahija."

"Marahaba. Sema shida yako, najua hukuja kunijulia hali."

Akacheka. "Ushuru wa kuegesha pale sokoni tutaufuta. Na nauli ya gari itashuka, wallahi. Nitungie wimbo."

Ushuru niliuacha upite, maana sina hata baiskeli ya kuegesha. Nilichoshika ni gari. Wakati ule kwangu gari lilikuwa moja tu, lile la moshi, linaloondoka Dar es Salaam likaenda mpaka kwa mwanangu. Sikuuliza gari gani. Nikatunga:

*Nauli ya gari ishuke,*
*mwana arudi kwa mama.*

Tuliuimba mjini, tukauimba Mlingotini, mpaka koo likaniwasha. Nilimpigia debe Bwanausi kuliko mkewe.

"Mwenzetu una lako jambo," akanitania Mwaija, jirani yangu. "Au unataka kuwa mke mdogo wa diwani?"

Nikamwambia aniache na yangu. Sikumweleza. Upweke nao una haya zake, mtu hatembei akiutangaza.

Bwanausi akashinda. Ushuru ukafutwa, na nauli ya lori la kwenda Dar es Salaam ikashuka kweli. Nikasema moyoni, basi na ya gari la moshi imeshuka. Nikampa salamu mtu wa Tabora aliyekuwa akirudi kwao: amwambie Tatu asitafute mkunga wa huko, mama yake yuko njiani.

Nilifika stesheni ya Dar es Salaam na kikapu changu, ndani mna kanga mpya na chupa ya mafuta ya nazi ya kumkandia. Karani akanitajia nauli ileile ya zamani.

"Imeshuka, mwanangu," nikamwambia. "Diwani wetu kaishusha."

"Diwani wa wapi, mama?"

"Bagamoyo."

Akaweka kalamu chini. Laiti angenifokea, ningejua la kumjibu. Lakini aliniuliza kwa upole kabisa, "Kwani Bagamoyo mna reli?"

Reli hatuna. Hata mtoto mdogo wa kwetu anajua. Watu wa nyuma yangu wakaangua kicheko, na hapo ndipo nilipojua ni gari gani nililokuwa nikiliimbia. Mji mzima uliimba lori. Gari la moshi nililiimba peke yangu.

Nilirudi kwa lori, kwa nauli yetu nafuu.

Tatu alijifungua Tabora. Alinisubiri, mkunga hakumtafuta, na uchungu ulipomshika walimkimbilia wanawake wa jirani ambao hata majina yao siyajui. Alinusurika, na mtoto wa kike pia. Alhamdulillahi. Wakampa jina la mama wa mumewe.

Habari hizo zilinifikia siku ya karamu ya Bwanausi ya kuwashukuru wapiga debe wake. Mwaija akaja kunivuta mkono, ati wimbo haunogi bila mwenyewe. Nikaenda, nikauongoza. Nilipofika kwenye *mwana arudi kwa mama* sauti ikanikatika, machozi yakanimwagika mbele ya watu wote. Wakadhani ni furaha. Wakanipigia vigelegele, wakaomba niurudie.