Zaburi ya Siku ya Tisa

Miaka mitatu ya kusomea teolojia chuo kikuu ilikuwa imempa Greivin vitu viwili: ndevu, na tabia ya kufumba macho kila anapozungumza mtu asiyesoma. Oliva aliviona vyote viwili siku ya tisa ya matanga ya mumewe, kijana alipoingia jikoni na Biblia nene iliyojaa vikaratasi vya rangi, akambusu shavuni huku akiangalia sufuria.

Belarmino, mume wa Oliva, alikuwa amesalisha matanga katika vilima vile vya Puriscal kwa miaka arobaini na mmoja. Padre alifika mara moja kwa mwezi, na watu hawafi kwa ratiba ya padre. Basi mtu akifariki aliitwa Belarmino, siku tisa mfululizo, naye hakupokea kitu ila kahawa na sahani ya arakache, mizizi iliyokatwakatwa na kupikwa. Mpangilio wa sala zake ulikuwa katika daftari la shule lenye jalada la buluu. Zaburi ya siku ya mwisho, ya kumuaga marehemu, aliisema kwa Kilatini alichorithi kwa babake, kimevunjikavunjika. Waombolezaji hawakujua neno hata moja, ila walijua mahali pa kuitikia.

Siku nane za matanga yake mwenyewe alisalisha Bi Nicolasa, jirani, kwa kichwa, maana hakuwahi kujifunza kusoma. Siku ya tisa Rubén, mdogo wa marehemu, alitaka mwanawe Greivin ndiye asalishe.

"Tumemsomesha ili tumfiche?" aliuliza. Oliva hakuwa na nguvu za kubishana.

"Mama mkubwa," Greivin alisema sasa, akichovya mkate kwenye kahawa, "hizi sala za kukariri, profesa wetu anasema ni kelele za kumbembelezea mtu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi kwenye Kiebrania nimepata tisini na mbili."

"Sikukuuliza hilo."

Bi Nicolasa, aliyekuwa akimenya ndizi, aliinua uso. "Mjukuu wangu, zaburi ya leo ni ile ya mtu anayelia kutoka kilindini. Nikuanzishie?"

"Bibi, daftari ninalo. Na kusoma najua."

Bi Nicolasa akarudi kwenye ndizi zake.

Saa tisa alasiri sebule ilijaa hadi uani. Picha ya Belarmino ilisimama mezani kati ya mishumaa. Greivin alisalisha rozari haraka, kama mtu anayeosha vyombo vya wengine. Kisha akafungua daftari: siku ya tisa, Zaburi 129. Akaitafuta kwenye Biblia yake nene, akaisoma kwa sauti ya jukwaani.

Ilikuwa zaburi ya mtu aliyeonewa tangu ujana, na ilimalizika kwa kuwaapiza maadui zake: wanyauke kama majani yaliyoota juu ya paa, na mpita njia asiwatakie baraka. Watu wakatazamana. Palipaswa kuitikiwa, na hakuna aliyejua aitikie nini.

Mtu mwenye chembe ya akili angesimama hapo akajiuliza. Greivin alifunga kitabu akaanza kufundisha.

"Ndugu zangu, msikasirike. Hii ni zaburi ya laana. Baba mkubwa alikuwa mtu mwema, lakini hakusoma. Alichukua namba tu bila kuelewa, akaifunika kwa Kilatini. Ndiyo maana chuoni tunasema ibada za watu wa kawaida zinahitaji kusahihishwa."

Ulises, muuza maziwa, aliyemzika mama yake mwaka uliopita, alivua kofia akaivaa tena. "Unataka kusema mama yangu alisomewa laana?"

"Kwa bahati mbaya, ndiyo. Ila Mungu anaangalia nia."

"Na mume wangu?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka mlangoni.

Greivin akafumba macho, akatikisa kichwa kwa huruma.

Oliva aliona wanavyoiangalia picha pale mezani. Walikuwa wanawahesabu wafu wao mmoja mmoja. Wakitoka hivyo, kesho Belarmino angekuwa mzee mjinga aliyelaani makaburi ya kilima kizima, na hapangekuwa na wa kumtetea. Akainuka.

"Greivin, soma namba ya zaburi inayofuata."

"Mama mkubwa, sala imeshakwi—"

"Soma namba."

"Mia thelathini."

"Kando yake pana namba nyingine, ndogo, kwenye mabano. Soma na hiyo."

Kijana aliinamia ukurasa. Ndevu hazikutosha kuficha shingo iliyokuwa inaiva. "Mia ishirini na tisa."

"Ya nini?"

"Ni hesabu ya zamani. Ya Biblia ya Kilatini. Ile inaunganisha ya tisa na ya kumi, kwa hiyo kuanzia hapo…"

"Kuanzia hapo iko nyuma kwa moja. Belarmino alinieleza tukichuma kahawa, na hakuwa na profesa. Ninyi mlifundishwa lini?"

"Mwaka wa kwanza."

"Hapo alipata ngapi?" Ulises aliuliza, na uani mtu akacheka puani.

"Waambie sasa," Oliva alisema.

"Kumetokea mchanganyiko wa hesabu za…"

"Nani kachanganya?"

Greivin alimtafuta babake kwa macho. Rubén alikuwa anachunguza viatu vyake.

"Mimi," alisema. "Zaburi yake ni ile ya kilindini, kwetu mia thelathini. Baba mkubwa alikuwa sahihi. Hakuna aliyelaaniwa."

"Mama yangu?"

"Hata mama yako."

Ulises aliketi. Mwanamke wa mlangoni alijifuta uso kwa ncha ya shali.

"Labda nifafanue kidogo, kwa sababu kitaalamu…"

"Keti, Greivin," Oliva alisema. Alichukua daftari mkononi mwa kijana. "Bi Nicolasa, tafadhali."

Bi Nicolasa alipiga magoti mbele ya picha akaanza, kwa Kilatini kilekile kilichovunjika, na sebule nzima ikaitikia mahali pake. Greivin alipiga magoti wa mwisho, Biblia wazi mkononi, kidole kikipanda na kushuka ukurasani kutafuta wamefikia mstari upi. Oliva alimtazama mara moja, kisha akamwacha. Alikuwa na mume wa kumuaga.