Zaka ya Mgonjwa

Mtaa mzima ulimwita Gundi, na jina likamkaa. Miaka nenda miaka rudi alishona viatu kwenye kibaraza cha duka la vyombo, na hata akioga mara mbili harufu ya gundi ilibaki vidoleni, akaingia nayo kanisani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ila kila jioni, kabla hajanunua hata chumvi, alitenga fungu la kumi na kulitia ndani ya kopo tupu la rangi ya viatu, na Jumapili kopo hilo lilikwenda kanisani. Siku watoto walipolala na uji mtupu, kopo halikuguswa. Mkewe alinuna, akagomba, mwisho akazoea.

Basi kiharusi kikamwangusha akiwa kwenye kigoda chake, kiatu cha mteja mapajani. Upande wa kushoto ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito. Aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, daktari alikuwa ameshamwita mkewe pembeni na kumwambia asitumaini makubwa, kwamba likija pigo la pili litakuwa la mwisho. Gundi hakuambiwa.

Watu walimkumbuka. Kitanda cha mgonjwa ndicho kinachoonyesha kama mtu aliishi na watu au aliishi na viatu vyao tu. Walikuja na unga, na sukari, na machungwa, na sabuni, mwingine akaja na kuku mzima amefungwa miguu. Mkewe alipokea kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga, maana jikoni hali ilikuwa mbaya na watoto, sasa watu wazima, walikuwa mbali na mizigo yao wenyewe.

Siku hiyo ya kwanza, wageni walipoondoka, Gundi aliita kutoka kitandani.

"Mke wangu. Wameleta nini?"

"Machungwa. Na unga. Wametujali kweli."

"Machungwa yanafika kumi?"

"Yanafika," akajibu, wasiwasi ukianza kumwingia.

"Toa moja la Bwana. Na unga pia, upime kwa bakuli, katika kila kumi utoe moja."

Mkewe alishika kiuno. "Baba, wewe mgonjwa. Mgonjwa hatoi zaka, mgonjwa anapewa."

"Nimepata, sikupata?"

"Umepewa."

"Basi nimepata."

"Na huyu kuku aliyefungwa hapo mlangoni, nimkate bawa?"

Mdomo wa Gundi ulipinda upande mmoja. Ndivyo alivyocheka siku hizo. "Kuku tumsubiri atage," akasema. "Hilo fungu umpelekee yule mama mfua nguo wa nyuma ya kanisa, mwenye mguu mbovu. Hana mtu yule."

Mkewe alitia chungwa na unga kapuni, akaaga kwa sauti, akatoka kwa mlango wa mbele. Alifika kwenye kona ya nyumba akasimama. Akilini aliona mashavu ya mumewe yaliyobonyea na ile fulana iliyokuwa ikimbana, sasa inampwaya. Akajiambia kwamba mama mfua nguo ana mguu mbovu, sawa, lakini mdomo anao, ataomba kwingine. Akakata kushoto, akapita kwenye pipa la maji, akauinua kidogo mlango wa jikoni ili usilie, akaingia. Jioni alilikamua lile chungwa, akamnywesha mumewe kwa kijiko.

Akarudia, na akarudia tena. Kila kilichotengwa kilitoka kwa mlango wa mbele na kurudi kwa mlango wa jikoni, na Gundi akawa analishwa zaka yake mwenyewe bila kujua. Mkewe hakuonja hata punje, tumpe haki yake. Alitaka mume apone, basi.

Kitu ambacho hakukipigia hesabu ni maombi. Kila baada ya chakula cha jioni Gundi alifumba macho na kumwombea mama mfua nguo. Aliuombea mguu wake. Aliyaombea mabati yake yasivuje, na mikono yake inayoshinda ndani ya maji baridi. "Na hicho kidogo ninachompelekea, Bwana, kimtoshe." Mkewe alisema amina. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu ashindwe kuitazama sahani aliyoiosha mwenyewe. Zaidi ya mara moja alitaka kusema. Akautazama uso wa mumewe ulivyotulia, akaghairi.

Alasiri moja hodi ikapigwa. Alikuwa mama mfua nguo mwenyewe, anachechemea, mkononi ana mayai mawili ndani ya kitambaa.

"Dada, nisamehe, nimesikia leo hii kwamba fundi anaumwa. Mimi na mguu huu, habari zinanifikia zimeshapoa."

Mke wa Gundi alifungua mdomo aseme mgonjwa amelala, lakini sauti ya mgonjwa ikamtangulia kutoka ndani. "Nani huyo? Karibu!"

Gundi alipomwona mgeni, uso ulimchangamka kama si yeye. Akamwonyesha kiti kwa mkono wake mzima.

"Mguu unaendeleaje?"

"Ndiyo huo, fundi. Unanitii siku ukitaka wenyewe."

"Na machungwa? Hayakuwa makali?"

Mama mfua nguo alimtazama, akamtazama na mkewe. "Machungwa gani tena?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa mke, umeshavaa na viatu, unasubiri kuambiwa nenda. Lakini Gundi alikuwa amemgeuzia macho. Hakuwa na hasira. Alimtazama kama mtu aliyepotea njia anavyomtazama mwenyeji. Mkewe akapiga magoti kando ya kitanda.

"Hayakufika," akasema. "Hakuna kilichofika. Nilikuwa nazunguka kona narudi jikoni. Umekula wewe, baba, yote umekula wewe. Nilitaka kila kinachoingia nyumba hii kiingie kinywani mwako."

Gundi aligeuza macho kuelekea mlango wa jikoni.

"Nilidhani ule mlango ni upepo," akasema.

"Nisamehe."

"Mke wangu, mimi siponi. Wewe uliambiwa na daktari, mimi nimeambiwa na mwili. Kushona siwezi. Kutembea siwezi. Hata uso unaninawisha wewe. Nilibaki na kutoa tu. Nikitoa najiona bado ni mtu, si mzigo. Na hicho nacho ukaninyima." Machozi yalimtiririka, na hakuwa na haraka ya kuyafuta.

Mama mfua nguo alianza kuinuka. "Jamani, mimi sikuja kugombanisha watu."

"Kaa," Gundi akamwambia.

Mkewe aliingia jikoni na kurudi na beseni lenye vyote vilivyokuwepo, machungwa, unga, sabuni, sukari iliyobaki, akaliweka kitandani, karibu na mkono unaofanya kazi. Gundi aliyapapasa machungwa moja moja, kama alivyokuwa akipapasa ngozi kabla ya kuikata. Akachagua lililo zito kuliko yote, akaliweka mwenyewe katika viganja vya mama mfua nguo.

"Ahsante, fundi," akasema yule mama. "Na mimi mayai haya sirudi nayo."

Mdomo wa Gundi ukapinda. "Mke wangu, mayai mawili fungu lake la kumi tunalipataje?"

Mkewe alicheka huku analia.

Pigo la pili lilikuja asubuhi moja, kabla ya chai. Kufikia adhuhuri nyumba ilijaa watu, na kona ya sebule ikajaa vitu walivyokuja navyo, unga, mchele, sukari, mafuta. Mjane alikuwa ameketi chini kati ya wanawake. Mara akainuka, akachukua bakuli, akaanza kupima.

"Unafanya nini, jamani? Kaa, vitu hivyo tutapanga sisi," jirani akamwambia.

"Tumepata," akasema. Akaendelea kupima.

Akajaza kapu, akatoka nalo kwa mlango wa mbele. Alipofika kwenye kona ya nyumba, miguu kwa mazoea ilitaka kukata kushoto. Akanyoosha mbele, kuelekea nyuma ya kanisa.