Dohani ya Bibi Ghanima

Baba mkwe, Allah amrehemu, alizaliwa Molo, bara ya Kenya, kwenye baridi. Alirudi Oman mwaka 1973, na alipojenga nyumba yake hapa Ibra akaweka dohani sebuleni kama ile aliyokulia nayo. Matofali mekundu toka sakafuni mpaka darini, mdomo mweusi wa kukokea kuni, na juu yake rafu ya saruji. Majirani walikuja kuitazama. Moto uliwashwa mara tatu, kisha pakawa pahala pa kurundikia magazeti.

Mimi niliolewa na mwanawe, Zuhair, ambaye kazi yake iko Sur na hurudi Jumatano. Siku zilizobaki tulikuwa watatu na mtoto: mimi, mama mkwe wangu Bibi Ghanima, wifi yangu Khulood, na Adham wangu wa miezi tisa. Adham alikuwa anaanza kusimama kwa kushika matofali yale, na yalikuwa yameshampasua mdomo mara moja.

Lakini aliyeichukia dohani hasa alikuwa Khulood. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Wanawake wa posa walikuwa wamekuja kumtazama mara mbili, na mara mbili hawakurudi. Mara ya pili mmoja wao aliuliza kwa Kiarabu, "Hii tanuri? Mnaoka mkate sebuleni?" Wenziwe wakacheka mpaka mlangoni.

"Nasibu," alisema Mama walipokwisha kwenda.

"Nasibu haina matofali," alijibu Khulood. "Kila anayeingia humu, kabla hajaniona mimi anaona kwamba sisi watu wa kuja."

Januari ya mwaka 2002 ilikuja habari kuwa mama yake Muhanna atakuja Jumatatu ya wiki ya pili yake. Muhanna alikuwa akifanya kazi maabara ya hospitali pamoja na Khulood. Khulood aliniambia jikoni, akiosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

"Wale wengine sikuwajali, wifi. Huyu namtaka."

Nilikuwa nasoma darasa la jioni, na tulikuwa kwenye jometri. Nikapima dohani kwa futi, nikaichora kwenye daftari: mdomo uwe na tao, pembeni viwe vidaka vitatu kama vya nyumba za zamani za hapa, na yote iwe nyeupe. Nikampelekea Mama.

"Mnataka kumvunja baba yenu?"

"Hatumvunji, Mama. Tunamvisha."

Alinirudishia daftari. "Mvisheni basi. Ila asije akafanana na bi harusi."

Fundi alitoka Izki, akiitwa Marzouq, mtu wa kupamba dari kwa jasi. Alisema hajapata kuvisha kitu kama kile, lakini ukuta ni ukuta. Aliziba bomba la moshi kwa ubao, vumbi na popo wasishuke, akafunika matofali kwa mbao za jasi, akakata vidaka. Siku ya nne akapaka rangi. Tulipanga mabirika ya kahawa kwenye vidaka, na ndani ya tao, pale palipokuwa pa kuni, nikaweka chetezo. Khulood alisimama katikati ya sebule, akageuka mara mbili. "Sasa ni nyumba ya watu," alisema.

Jumatatu, baada ya alasiri, nilimwambia Mama atie ubani kidogo, sebule inukie, nami nikaenda kumbadilisha mtoto.

Mama aliona ubani ni wa kila siku. Miaka yote aliwapokea zaidi watu waliotoka bara kama yeye, na kwao Molo, mgeni wa heshima alipopiga hodi ndipo kipande cha udi kilipotupwa motoni, kuua harufu ya kuni. Akafungua kasha, akatoa udi uliobaki arusi ya Zuhair, akautia wote.

Mama yake Muhanna aliingia na nduguye. Alivisifu vidaka, akasema vinamkumbusha nyumba ya bibi yake. Nikamimina kahawa. Moshi, kwa kuwa bomba lilizibwa, ukatoka kwenye tao ukaja moja kwa moja walipokaa. Nikausikia wakati mmoja na wao. Alimtazama nduguye, akatikisa kikombe kuwa imetosha, akainuka.

"Allah awazidishie kheri," alisema.

Kwa watu wa hapa udi ni wa mwisho. Mgeni akishafukizwa, ameambiwa kwa adabu aende zake. Nikawaomba wakae, lakini maneno hayo kila mwenye nyumba huyasema, na hakuna mgeni anayeyashika.

"Mbona wanaondoka?" Mama aliniuliza kwa Kiswahili. "Halua hawajaionja."

Mwari hatoki mpaka aitwe. Khulood alitoka. Aliweka sinia la matunda chini, uso umemwiva, akasema kwa Kiarabu, akimwita kama mama mdogo:

"Khalti, hicho si kidaka. Ni dohani, tumeifunika wiki iliyopita. Wazee wangu wametoka bara, kwenye baridi, na kwao udi hutiwa mgeni anapoingia. Mama amekupokea. Hajakufukuza."

Mama yake Muhanna alikwenda kwenye tao, akagonga kwa kidole. Palilia kitupu.

"Ndani mna nini?"

"Matofali mekundu."

"Mabaya?"

"Mabaya sana, Khalti."

"Yalikuwa mazuri," alisema Mama kwa Kiswahili, maana Kiarabu cha kusikia kilimfikisha hapo. Hakuna aliyemtafsiria.

Mgeni alivuta abaya yake, akamtazama Mama, kisha Khulood.

"Basi toeni chetezo nje," alisema, "nami nipate kukaa."

Khulood alikibeba mwenyewe mpaka uani. Aliporudi, mama yake Muhanna alikuwa amesogea kwenye zulia, amempa nafasi ubavuni pake.

"Kaa. Nambie, baridi ya huko ilikuwaje, hata mtu ajenge kitu kile?"

"Mimi nimezaliwa hapa hapa Ibra, sijaiona. Muulize Mama, nitawafasiria."

Mama alijiweka sawa, akaomba kikombe cha kahawa, akaanza na asubuhi za mwezi wa saba, majani yalipokuwa meupe kwa umande ulioganda. Khulood akaanza kufasiri, neno moja moja.