Mama Punguza na Dua Isiyo na Bei

Wifi yangu hajawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Anauza vitambaa, na sokoni wakubwa kwa wadogo wanamwita Mama Punguza, jina analolipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Aliwahi kumbana fundi bomba ampunguzie gharama ya kuziba tundu moja, alipokubaliwa akamtaka azibe na la pili kwa bei hiyohiyo. Tundu la pili halikuwepo. Alikuwa analiweka akiba.

Mumewe ni kaka yangu, fundi cherehani, mtu mpole ambaye maneno yake ni ya kuhesabu. Jicho lake la kushoto lilikufa tangu utotoni, na nguo zote alizowahi kushona alizishona kwa la kulia. Mwaka huu na hilo likaingia mtoto wa jicho. Kwanza akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, baadaye hata cherehani yenyewe akawa anaitafuta kwa kupapasa. Siku moja kabla ya asubuhi ninayoisimulia walikuwa wamemfanyia upasuaji, na daktari alituambia wazi kwamba ndani ya jicho kuna kovu pia, kwa hiyo hawezi kuahidi lolote. Asubuhi hiyo ndiyo wangemfungua bandeji.

Basi tuliketi watatu kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, kaka akiwa katikati. Ukumbi ulinuka dawa ya kupigia deki. Wifi akaanza kuomba, na wifi akifikiri ananong'ona, hata walio benchi la mwisho wanapata habari.

"Mungu wangu, tuelewane," alianza. "Ukimrudishia Fundi jicho lake, mimi nitaacha kuchelewa ibada."

Akanyamaza kidogo, kama anayemsubiri mwenzake naye ataje bei yake.

"Haya, na umbea nitaacha. Wa majirani." Akasubiri tena. "Na wa wifi yangu pia."

Nikageuka. "Umbea gani wa kwangu?"

"Wifi, usiniharibie, bado tunazungumza." Kisha akafikiri, akaona ametaja kubwa mno. "Huo wa wifi nitaupunguza," akasahihisha.

Nilimkata jicho, lakini alikuwa amefumba yake.

"Na redio ya Fundi tutaigawa kwa wasiojiweza," akaendelea. "Anaisikiliza mpaka chakula kinapoa."

"Redio ni yangu," kaka akasema kutoka nyuma ya bandeji. "Mimi naomba jicho, wewe unanitoa masikio."

Wagonjwa wa benchi la pili wakacheka. Wifi hakucheka. Akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona mtu akilifanya katika sala. Alisimama, akatundika mkoba begani, akatazama dari, akasema, "Basi, kama haiwezekani," na akaondoka.

Kila mtu aliyewahi kwenda sokoni anaujua mwendo ule. Ni wa polepole, mabega nyuma, sikio limebaki kwa muuzaji, maana hujamaliza hatua kadhaa atakuita, "Mama, njoo tuongee." Wifi alikwenda hivyo hadi dirishani, mwisho wa ukumbi. Hakuna aliyemwita. Nilikuwa nimeziba mdomo nisiangue kicheko, ndipo nikaona mabega yake yanatikisika. Kicheko kikanikauka. Wifi yangu ana mdomo, lakini anampenda kaka yangu kwa moyo wake wote, na pale dirishani alikuwa analia peke yake. Nilimhurumia hata nikataka kwenda kumwita mimi.

Alirudi mwenyewe, akaketi.

"Ulikwenda wapi?" kaka akamuuliza.

"Nilidhani nitaitwa."

"Kwani nani alikufukuza?"

Wifi akajifuta pua. "Fundi, mimi nimezoea kutoa ndipo nipate. Nikiomba mikono mitupu naona kama naiba."

"Hiyo mikono yenyewe uliinunua wapi?" kaka akasema. Akaupapasa mkono wake hadi akaupata, akaushika, akainamisha kichwa. "Mungu, ni mimi. Naomba kuona. Naogopa sana. Ukinipa nitashukuru, na usiponipa usiniache."

Wifi akangoja. "Na nini tena?"

"Basi."

"Hujamwambia utafanya nini."

"Hajaniuliza."

Nilimwona wifi anafungua mdomo na kuufunga, neno linakuja analirudisha, na nikajua kila analolirudisha lina bei ndani yake. Hatimaye akasema, na safari hii kweli alinong'ona, hata mimi niliyekuwa karibu nilisikia kwa shida: "Mungu, huyu mtu nampenda. Sina kitu cha kukupa. Nisaidie."

Akaishia hapo. Uso wake ukatulia, na mimi, niliyekuja pale na maneno yangu ya kumchokoza tayari mdomoni, nikajikuta nasema amina.

Nesi akafungua mlango. "Baba, karibu. Na mama na dada waingie."

Daktari alimkalisha kaka kwenye kiti, akaanza kubandua plasta taratibu kutoka kwenye shavu. Wifi alisimama ukutani, mkoba ameukumbatia kifuani. Bandeji ikatoka. Jicho lilikuwa jekundu, likitoa machozi.

"Fumbua polepole," daktari akasema. Akanyoosha vidole mbele yake. "Hivi ni vingapi?"

Kaka akapepesa jicho.

"Baba, vidole vingapi?"

Kaka alikuwa amekazia jicho ukutani, ng'ambo ya bega la daktari. Alianza begani kwa wifi, akashuka taratibu hadi chini miguuni, akapanda tena.

"Hilo gauni," akasema, "nani kakushonea?"

"Fundi wa mtaa wa pili," wifi akajibu upesi, kama mtu aliyefumaniwa. "Ningefanyaje, na wewe ulikuwa..."

"Pindo limekwenda upogo. Na bega moja limevutwa. Ulimwomba akupunguzie?"

"Kidogo."

"Naye akapunguza uzi."

Hapo ndipo maneno yalipomwingia wifi. Mkoba ukamponyoka, ukadondoka. Nesi akacheka, mimi nikapiga vigelegele chumbani mwa daktari bila kuomba ruhusa, na daktari bado amenyoosha mkono.

"Vitatu, daktari," kaka akamwambia. "Na kimoja kina wino."

Wifi alikwenda akapiga magoti mbele ya kile kiti, akaegemeza paji la uso kwenye goti la mumewe. "Ahsante," akasema. "Ahsante, Mungu wangu. Ahsante." Hakusema kingine. Mwanamke ambaye hajawahi kukosa neno la mwisho alirudia lile moja, akilia na kucheka kwa pamoja, nami nililia vilevile na sikujali nani ananitazama.

Kaka akamwekea mkono kichwani.

"Simama, mke wangu," akasema. "Simama nikuone."